Gamba la Nne

Maji ya bomba yangemuua kaa, kwa hiyo Ambakisye aliyaacha juani kwenye ndoo tangu jana yake ili dawa ya kuulia vijidudu iishe nguvu. Kisha akayatia chumvi ya bahari kidogo kidogo, akichovya kipimo na kukisoma, akichovya tena, mpaka maji yakawa si ya mto wala si ya bahari. Tangi alilitengeneza mwenyewe. Alikuwa fundi wa madirisha ya alumini pale Iyunga, na kazi ya vioo aliijua. Nusu ya tangi aliiachia maji, nusu akaipandisha mchanga, mawe na kipande cha gogo, kwa sababu kaa waliyeahidiwa hakuwa wa majini tu wala wa nchi kavu tu. Akikosa maji angekauka. Akikosa pa kupanda angezama. Juu akaweka kifuniko chenye komeo, na kwenye kifuniko akafunga kipimo kidogo chenye taa ya kijani, cha kukijulisha Kituo cha Ubebaji kaa akianza kujivua gamba, ambacho hakikutakiwa kuzimwa hata kidogo.

"Umemjengea jela," alisema mkewe, Subilaga, akiwa amesimama mlangoni.

"Kaa ni mtoro, Mama Tupo. Nimeambiwa anaweza kupanda hata waya wa pampu."

Daktari Restituta wa Kituo cha Ubebaji alimleta mchana ule kwenye boksi la plastiki lenye matundu. Kaa mwenyewe alikuwa mdogo kama kifungo cha koti, rangi yake ya chai ya maziwa, macho yamesimama juu ya vijiti viwili. Alipowekwa mchangani alitulia kwanza. Halafu akainua gando moja, akalishusha, akainua tena.

Tupokigwe, mtoto wao wa pekee, alicheka mpaka akashika tumbo. Alikuwa na miaka saba, na wakati huo bado alikuwa akicheka kwa sauti.

"Anawapungia wananchi!" alisema. "Jina lake Mheshimiwa."

Ugonjwa wa Tupo madaktari walikuwa na jina lake refu, lakini watu wa Mbeya waliuita ukungu. Ulikuwa umeanza kuwapata watoto wa nyanda za juu miaka michache nyuma, na hakuna aliyejua umetoka wapi. Ulianzia kwenye maneno. Mtoto alisimama mbele ya kabati akasema, "Mama, nipe ile... ile ya kunywea uji," akiwa anakitazama kijiko. Baada ya maneno ulifuata mikono, kisha miguu, mwisho kumeza.

Daktari aliketi sebuleni na kueleza tena yale aliyokwisha kuyaeleza hospitalini, maana alijua wazazi siku ile hawakuwa wakisikia.

"Mwili wa mbuzi au wa nguruwe hupigana na seli za binadamu. Huyu tumemtengeneza asipigane. Ndani yake tumepandikiza seli za ubongo wa Tupo, zile tulizozichukua zikiwa bado nzima. Kaa akijivua gamba, mwili wake wote unajijenga upya. Hata mguu uliokatika huota mwingine. Na zile seli zinajengeka naye humo humo. Gamba la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye gamba la nne zinakuwa zimekomaa. Siku hiyo anakuwa laini mwili mzima, na ndiyo siku ya kuzichukua."

"Kwa nini tumfuge sisi?" Ambakisye aliuliza. "Kituo kina matangi makubwa kuliko hili."

"Tulijaribu, baba. Seli za ubongo ni kama misuli, zisipotumika zinanyauka. Zilizokulia maabara hazikumsaidia mtoto hata mmoja. Zilizokulia nyumbani, karibu na mwenyewe, zikisikia sauti zile zile anazosikia yeye, hizo zinashika. Kwa hiyo msimweke stoo. Ongeeni naye. Mwacheni Tupo acheze naye. Mfanyeni awe mtu wa nyumbani."

*

Na akawa mtu wa nyumbani. Tupo alimlisha vipande vya dagaa kwa kibano cha mama yake cha nyusi, akamsagia maganda ya mayai apate chokaa ya kujengea gamba, akamwekea majani makavu ya mparachichi ya kujifichia. Asubuhi alimwambia ameota nini. Jioni alimshitakia watoto wenzake wa shule.

Alipojivua gamba la kwanza Tupo alidhani amekufa. Lilikuwa limelala majini, kamili kwa macho na miguu, na mtoto akalia mpaka majirani wakaja. Baba yake akainua gogo kidogo. Nyuma yake alikuwepo Mheshimiwa mwingine, mkubwa kuliko wa jana, mweupe, anatetemeka.

"Amevua koti tu," Ambakisye alisema. "Mwache likauke jipya."

Subilaga alikuwa mwalimu wa muziki katika shule ya msingi, na katika nyumba ile kila kitu kilipigwa ngoma. Tupo alikuwa na mdundo wake, haraka-haraka-pole, haraka-haraka-pole, aliopiga kwa kijiko kwenye kikombe kabla ya kula. Sasa akaupiga kwenye kioo cha tangi kwa kucha. Kaa alisogea, akagonga kwa gando, akakosea. Tupo alimfundisha kama mama yake alivyofundisha kwaya, kwa kukunja uso na kuanza upya.

Baada ya gamba la pili Mheshimiwa hakukosea tena. Aliyekosea alikuwa Tupo. Vidole vyake vilianguka kwenye kioo ovyo ovyo, akavitazama kama si vyake, na kaa upande wa pili akaupiga mdundo ule sawasawa, akangoja, akaupiga tena.

Mambo mengine yalikuja taratibu, kila mmoja akiyaona peke yake na kutomwambia mwenzake. Tupo hakuwahi kula karoti kwa hiari maishani mwake. Subilaga alikuwa akimsagia kwenye mchuzi kwa siri. Siku hizi alizimeza bila neno. Mheshimiwa, ambaye alikuwa akila kila kitu, alianza kukibeba kila kipande cha karoti mpaka pembeni ya tangi na kukifukia mchangani.

Halafu mvua za Novemba zikaanza. Tangu akiwa mdogo Tupo alikuwa akisikia radi anakimbilia chini ya meza. Mchana mmoja radi ilipasuka upande wa mlima Loleza mpaka madirisha yakalia. Mtoto alibaki kwenye kiti, mdomo nusu wazi, akiutazama ukuta. Kwenye tangi kaa alirukia chini ya gogo na kuanza kujivutia mchanga kwa magando yote mawili, haraka, haraka, mpaka akatoweka.

"Umeona?" Ambakisye aliuliza.

"Mnyama yeyote anaogopa mtikisiko."

"Mbona radi za msimu uliopita hakuogopa?"

Subilaga alikuwa ameona kabla yake.

Mwaka mpya ulipoingia, kaa alijivua gamba la tatu. Sasa alikuwa na ukubwa wa ngumi ya mtoto. Tupo hakutembea tena. Walimkalisha kwenye kiti chenye mito, karibu na tangi kama daktari alivyotaka. Ikawa kila Ambakisye akirudi kazini na kufungua mlango, Mheshimiwa anakimbilia kioo cha upande ule na kugonga haraka-haraka-pole, macho yamesimama. Mtoto kwenye kiti hageuki. Ambakisye alibaki katikati yao na begi la vifaa begani, asijue aanze kumsalimia nani.

*

Daktari Restituta alikuja kuwapima wote wawili, mtoto na kaa. Alimpima kaa kwa mwanga mwembamba uliopita gambani na kuonyesha kwenye skrini ukungu wa dhahabu uliotanda mwili mzima. Zile zilikuwa seli za Tupo. Zilikuwa zimejaa hata kwenye magando.

"Sijaona zilizoshika hivi," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. "Mmefanya kazi nzuri sana."

Subilaga alimtazama. "Daktari, mle ndani kuna nani?"

"Mle kuna kaa, mama."

"Kaa anayekataa karoti."

"Seli hazibebi kumbukumbu. Zinabeba mazoea, pengine. Kukwepa hiki, kupenda kile. Na kaa kwa asili anapunga magando, anagonga vitu. Wazazi wengi wanaona wanachotaka kukiona."

"Mimi sitaki kukiona."

Daktari alianza kukunja waya wa mashine yake, kisha akauacha. "Sheria inasema kiumbe mbebaji ni kifaa cha tiba."

"Sikukuuliza sheria."

"Najua." Alikaa chini. "Mama, mimi nimechukua seli kwa kaa wengi. Nikianza kujiuliza swali lako, kesho siendi kazini, na watoto wanabaki vitandani vile vile. Hilo ndilo jibu nililonalo. Si zuri."

Kisha akawaambia jambo ambalo hospitalini hakulitaja. Kaa akiogopa, mwili wake unamwaga kemikali ya woga, na seli zinaharibika palepale, hazifai tena. Ndiyo maana watu wa Kituo hawamtoi wao tangini. Anamtoa mtu anayemwamini, polepole, kama siku zote.

"Nimewaangalia mnavyomlisha," alisema. "Itabidi awe wewe, Mwalimu."

"Na tukimwacha?" Ambakisye aliuliza.

"Gamba la nne likishakauka nafasi imepita. Baada ya hapo mwili wake utaanza kuzila zile seli. Atabaki kaa wa kawaida, ataishi mwaka, labda miwili. Na Tupo..." Alimtazama mtoto, ambaye tangu wiki ile alikuwa akilishwa kwa mpira uliopita puani.

Gari la Kituo lilipoondoka, Ambakisye aliendelea kusimama mbele ya tangi.

"Tupo ameshahama," alisema. "Yuko hapa. Ananijua nikiingia. Huyo wa kwenye kiti ananijua?"

"Baba Tupo."

"Nakuuliza. Ananijua? Unataka nimtoe huyu anayenijua, achinjwe, ili nimponye nani?"

"Nataka mtoto ninayeweza kumbeba," Subilaga alisema. "Nataka akue, aniudhi, aolewe, anizike. Huyo uliye naye hapo atakufa baada ya mwaka, tena akiwa amesahau hata karoti. Utabaki na nini? Utabaki na tangi."

"Kwa hiyo unakubali kwamba ni yeye."

Subilaga alikwenda kumgeuza mtoto asipate vidonda vya mgongoni.

*

Kabla ya kujivua gamba kaa huacha kula na kushuka majini, maana maji ndiyo yanayomsaidia kulivua. Mheshimiwa aliacha kula, ila majini hakushuka. Alipanda juu kabisa ya gogo na kukaa huko, gamba lake limefifia, limekuwa la rangi ya majivu, na alipotiwa maji kwa mkono alihama upande mwingine. Kituo kilisema wangoje, mwili utamlazimisha wenyewe.

"Anajua," Ambakisye alisema.

Siku moja Subilaga alirudi kutoka shuleni saa sita akamkuta mumewe hakwenda kazini. Alikuwa ameketi kwenye stuli mbele ya tangi, mikono magotini. Taa ya kijani ilikuwa imezimwa. Mheshimiwa alikuwa majini, na gamba lilikuwa limepasuka kwa nyuma, na kitu cheupe kinachong'aa kilikuwa kikijisukuma kutoka kinyumenyume, kikipumzika, kikijisukuma tena.

"Umeizima lini?"

"Asubuhi. Nilimwona anashuka."

"Iwashe."

"Mwache atoke salama. Mwache akauke. Ikifika jioni nafasi itakuwa imeshapita, hatutakuwa na cha kuamua tena."

"Na Tupo?"

"Tupo huyu hapa."

Subilaga aliingia chumbani, akamwinua mtoto pamoja na mpira wake, akamleta sebuleni. Alikuwa mwepesi mno kwa umri wake. Shingo haikuweza kubeba kichwa. Kifuani kulikuwa na mkoromo kama wa maji yanayochemka mbali. Akamweka mapajani mwa baba yake, akakilaza kile kichwa begani pake.

Mwanamume alimkumbatia. Hakuweza kufanya vingine. Mikono yake ilizunguka yenyewe. Aliusikia mkoromo ule kifuani kwake, na moyo mdogo uliokuwa ukipiga bila mpangilio, na joto. Nywele zilinuka sabuni ile ile.

Subilaga alipita nyuma yake na kuuchomeka waya. Taa ikawaka kijani, kisha ikaanza kumetameta nyekundu. Ambakisye angeweza kusimama kuizima. Hakusimama. Alikuwa amembeba mtoto.

Gari la Kituo, lisilo na dereva, liliwahi kufika. Watu wawili wa Kituo waliovaa meupe walibaki uani, ili kaa asione wageni, na daktari akasimama mlangoni akiwa ameficha nyuma yake chombo cha plastiki chenye maji yaliyopozwa.

"Kwa nyuma, mama," alinong'ona. "Ili asione unakompeleka. Mwambie chochote. Mwimbie, kama huwa unamwimbia."

Subilaga alinawa mikono kwa maji ya tangi. Akaanza kuimba wimbo wa kuogea, ule aliokuwa akimwimbia Tupo kwenye beseni tangu akiwa na wiki moja, unaotaja viungo kimoja kimoja, sikio, shingo, kwapa, kitovu. Sauti yake haikutetemeka. Alikuwa mwalimu wa muziki, alijua kuishika sauti.

Kaa alikuwa amekwisha kutoka. Gamba tupu lilikuwa limebaki pembeni yake, na yeye amelala majini, mweupe, mishipa ikionekana. Aliusikia wimbo akainua macho. Kisha akafanya jambo ambalo kaa aliyetoka kujivua gamba hafanyi, kwa kuwa ndio wakati kila kitu kinaweza kumuua: akatoka wazi, akaja kwenye mkono.

Subilaga alimshika kwa nyuma. Alikuwa laini kama yai lililochemshwa na kumenywa. Gando moja lilimfunga kidole bila nguvu yoyote, kama mtoto mchanga anavyoshika. Akavuka naye sebule akiimba, akampita mumewe, na Ambakisye akamfunika Tupo macho kwa kiganja, ingawa macho yale hayakuwa yakiona kitu.

Maji ya chombo yalikuwa baridi. Kaa alipoyagusa mwili wake wote ulishtuka, magando yakainuka na kuanza kugonga ukuta wa plastiki, haraka-haraka-pole, haraka-haraka-pole. Yalikuwa laini mno. Hayakutoa sauti. Daktari akafunga kifuniko, na ile baridi ikafanya kazi yake.

"Umewahi, umewahi," alisema, akisoma kipimo. "Hakupata muda wa kuogopa. Umefanya vizuri, mama."

Subilaga alikuwa bado anaimba. Daktari alimgusa bega ndipo akanyamaza.

*

Seli zilishika. Watoto wengine hazikushika, na Ambakisye na Subilaga walikutana na wazazi wao kwenye korido za Kituo, wakapishana nao bila kutazamana. Lakini kwa Tupo zilishika. Kwanza alimeza. Halafu macho yakaanza kumfuata mtu. Neno lake la kwanza lilikuwa "Baba," na Ambakisye, ambaye tangu siku ile alikuwa hazungumzi na mkewe ila kwa mambo ya lazima, alitoka nje ya wodi akalia kwa sauti kubwa mpaka walinzi wakaja kuuliza kama amefiwa.

Tupo alirudi nyumbani mvua zikiwa zinaanza tena. Tangi halikuwepo, Ambakisye alikuwa amelivunja na vioo vyake kuvipeleka mbali. Radi ilipopiga, Tupo alikimbilia chini ya meza, na wazazi wake wakatazamana wakacheka, mara ya kwanza kwa mwaka mzima.

Kicheko hakikudumu. Mtoto alirudi shule, alisoma, alikumbuka majina ya watu wote mtaani. Lakini hakutaka kuogeshwa. Maji ya baridi yakimgusa alipiga kelele. Siku moja Subilaga, akipika, alianza wimbo wa kuogea bila kufikiri, na Tupo akatapika hapo alipokuwa amekaa. Daktari alisema ni mabaki ya matibabu, yatapungua.

Jumapili moja Subilaga alikuwa anamsuka uani. Alikaa kwenye kiti, mtoto kwenye mkeka mbele yake, mgongo umeelekea kwake. Aliposhika nywele za kisogoni Tupo alikakamaa mwili mzima.

"Mama, njoo mbele."

"Nikija mbele nitasukaje, mwanangu?"

"Basi usisuke."

Subilaga aliacha kitana. Akazunguka, akachuchumaa mbele yake.

"Siku ile uliimba," Tupo alisema. Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe. "Nikajua unanipeleka kuoga. Nikafurahi, nikaja. Halafu maji yakawa baridi. Nikagonga, hamkusikia."

Hakuna aliyewahi kumsimulia. Daktari alikuwa ameshaambiwa na wazazi wengine habari kama hizi na jibu lake lilikuwa kwamba watoto husikia watu wazima wakinong'ona. Katika nyumba hii hakuna aliyenong'ona. Siku ile haikuwahi kutajwa.

"Nilikuona," Subilaga alisema. "Sauti haikuwepo, lakini nilikuona unagonga."

"Na mkafunga."

"Daktari alifunga."

"Ndiyo. Ila wewe ndiye uliyeimba."

Ambakisye alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya mahindi ya kuchoma. Aliiweka chini. Akaenda nyuma ya nyumba, na baadaye wakasikia msumeno wake ukikata alumini, Jumapili, bila oda ya mtu.

*

Wageni walikuja mwezi uliofuata, mume na mke, Gwamaka na Enea, wakazi wa Uyole. Mtoto wao wa kiume, Lusajo, ukungu ulikuwa umeanza kumchukua maneno. Mapajani mwa Enea kulikuwa na boksi la plastiki lenye matundu.

"Shikamoo, Mwalimu," Enea alisema. "Tumeambiwa wako amepona kabisa."

"Marahaba. Amepona. Yule pale."

Tupo alikuwa mezani akifanya hesabu za shule. Enea alimtazama mpaka machozi yakamlenga, kisha akalishika boksi kwa nguvu zaidi.

"Daktari ametueleza kila kitu. Lakini nataka kuuliza mtu aliyefanya. Huyu kaa, siku ya mwisho, anajua? Anaelewa kitu?"

Gwamaka alisema haraka, "Daktari alishasema haelewi."

"Namuuliza Mwalimu."

Subilaga alikuwa amelijibu swali hili kichwani mara nyingi, na kila mara alikuwa akisema hapana. Sasa kalamu ya Tupo ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

"Anaelewa," alisema. "Kufikia siku hiyo atakuwa amekuwa mtoto wako. Atakujua. Atakuja mwenyewe kwenye mkono wako, na utamtoa."

Enea alifungua kifuniko kidogo, akakitazama kile kidudu cha rangi ya chai, akakifunga.

"Kwa hiyo unatuambia tusifanye?"

Subilaga alitaka kusema ndiyo. Aligeuka akamwona binti yake, mgongo umenyooka, nywele hazijasukwa, mzima.

"Fanyeni," alisema. "Mimi hata leo ningefanya."

Alilisema akijua nani anamsikia. Tupo alishuka kwenye kiti akaja mpaka mbele ya mgeni. Hakulitazama boksi.

"Mama Lusajo," alisema, "ikifika siku hiyo mwambie. Usimwimbie wala usimdanganye. Mwambie tu kwamba unampeleka."

Enea alimtazama Subilaga, kisha mtoto. Alijibu kwa upole, kwa sababu kitu hicho alikuwa ameshakiuliza na kujibiwa. "Lakini nikimwambia ataogopa, mwanangu. Na daktari amesema akiogopa seli zinaharibika. Lusajo hatapona."

Nje watoto wa jirani walikuwa wakimwita Tupo akacheze, jina lake likirudiwa juu ya ukuta, na hakuwaitikia. Alikuwa anafikiri, na Subilaga alimwona akifikiri, alimwona akifika mwisho wa lile jambo na kugeuka kutafuta njia nyingine na kuikosa, kama yeye mwenyewe alivyoikosa.

"Basi usimwambie," mtoto alisema.

Akarudi mezani, akaokota kalamu.